Sahani ya Aliyepona Saratani: Kuujenga Upya Mwili Kabla ya Kuulinda

Matibabu ya saratani yanapomalizika, mwili unaorudi nyumbani hauwi tena ule ulioingia hospitalini, kwa kuwa upasuaji huondoa sehemu za viungo, tibakemikali, yaani dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, huwa imezigusa pia seli za utando wa kinywa na utumbo, na mionzi huacha makovu ambayo huweza kuendelea kukomaa ndani ya tishu kwa miezi na hata miaka. Ndiyo maana swali la chakula baada ya saratani halina jibu moja linalomfaa kila mtu. Hata hivyo, ushauri unaowafikia wengi katika Afrika Mashariki, uwe umetoka kwa ndugu, kwa majirani au kwenye jumbe zinazosambazwa kwa simu, huwa ni orodha moja ya makatazo: sukari isiguswe, nyama iachwe, maziwa yaondolewe, mayai yaogopwe, na mwishowe sahani hubaki na mboga za kuchemsha na juisi ya kijani. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Aliyepona hupaswa kwanza kulishwa hadi mwili wake usimame, kisha ndipo alindwe dhidi ya hatari za miaka ijayo, na kazi zote mbili zifuate kiungo kilichotibiwa.

Hatua ya kujenga huchukua miezi kadhaa kwa watu wengi tangu dozi ya mwisho. Saratani yenyewe huufanya mwili uvunje misuli yake, na matibabu huongeza hasara hiyo kwa kichefuchefu, vidonda vya kinywa na siku nyingi za kulala, kiasi kwamba mtu anaweza kurudisha kilo zote alizopoteza ilhali sehemu kubwa ya kilo hizo ni mafuta, na miguu yake bado haina nguvu ya kupanda ngazi. Protini ndiyo malighafi ya misuli, ya ngozi inayofunga kovu na ya seli za kinga, na miongozo ya kitabibu ya Ulaya kuhusu lishe ya wagonjwa wa saratani hupendekeza zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi gramu 1.5, pamoja na nishati ya kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kati ya gramu 60 na 90 za protini kila siku. Kiasi hicho hakihitaji makopo ya unga wa bei kubwa yanayouzwa kwenye maduka ya dawa, kwa kuwa mayai mawili hutoa gramu 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 15, glasi mbili za mtindi gramu 16, na kipande cha samaki cha gramu 100 hutoa gramu 20, jumla ambayo tayari inavuka 60 kabla ya kuhesabu ugali, wali au karanga. Dagaa wakavu, ambao wengi huwadharau kwa kuwa ni wa bei nafuu, ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi zaidi sokoni.

Tatizo la sahani ya kawaida liko katika uwiano wake, maana ugali huwa mlima na kitoweo huwa kijiko. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu bila dalili za wazi, lakini aliyetoka kwenye tibakemikali anashiba upesi, na akianza na ugali, nafasi ndogo aliyonayo tumboni huisha kabla hajafikia samaki. Inafaa kwake kitoweo kitangulie na wanga ufuate. Lipo pia jambo la kifamilia ambalo haliandikwi kwenye vyeti vya hospitali: katika kaya nyingi mwanamke anayepika ndiye anayejipakulia wa mwisho, baada ya mume, watoto na wageni, na mama aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi hurudi kwenye desturi hiyo siku ile ile anayorudi jikoni. Familia inayotaka apone ipike kwa niaba yake kwa muda, au angalau impakulie kwanza.

Kwa kuwa tumbo dogo halibebi mlo mkubwa, milo 5 au 6 midogo hufaa kuliko mitatu mikubwa, na kila mlo uongezewe uzito wa lishe bila kuongezewa ujazo. Kikombe cha uji mwepesi ni maji zaidi kuliko chakula, lakini uji huo huo ukipikwa mzito kiasi, ukachanganywa na maziwa, siagi ya karanga na kijiko cha mafuta, huwa mlo kamili. Unga wa soya unaochanganywa kwenye uji wa lishe sharti utokane na soya iliyochemshwa au kukaangwa vizuri, kwa sababu soya mbichi ina viambato vinavyozuia protini kumeng'enywa. Parachichi, tui la nazi na karanga huongeza nishati kwa mtu aliyekonda. Anayeonja ladha ya chuma kinywani, hali inayowapata wengi baada ya tibakemikali, anaweza kutumia kijiko cha mti au cha plastiki, kukamulia ndimu kwenye samaki, na kubadilisha nyama na mayai au kunde mpaka ulimi urudi katika hali yake. Chakula peke yake, hata hivyo, hakitengenezi misuli bila kazi, na matembezi ya kila siku yanayoongezwa kidogo kidogo ndiyo huiambia protini iende wapi.

Katazo linalodhuru zaidi katika hatua hii ni lile la kwamba sukari hulisha saratani na kwa hiyo vyakula vyote vya wanga viachwe. Chanzo chake ni ugunduzi wa kweli wa mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg, ambaye katika miaka ya 1920 alionyesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi, lakini hitimisho lililojengwa juu yake halisimami. Seli zote za mwili hutumia glukosi, ubongo ukiwa wa kwanza, na mtu asipoila, ini huitengeneza kutokana na protini, ikiwemo ile ya misuli. Aliyepona anayejinyima wanga kwa hofu huweza kuishia kuvunja misuli ambayo ndiyo kwanza imeanza kurudi, na damu yake bado ina glukosi. Hilo halifanyi soda kuwa chakula cha mgonjwa, ingawa wageni wengi huja nayo mkononi kama ishara ya upendo. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kiasi kinachokaribia gramu 50 kwa mtu mzima, na chupa moja ya soda ya mililita 350 humaliza sehemu kubwa ya kiwango hicho bila kuleta protini hata gramu moja. Mwenye kisukari, au aliyepandishwa sukari na dawa za steroidi zinazotolewa pamoja na tibakemikali, ana hesabu yake tofauti na lazima aipange na daktari.

Aliyepona anastahili pia kuambiwa ukweli kuhusu mipaka ya chakula. Nchini Marekani wanawake 3,088 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti katika hatua za awali walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7, nusu yao wakila mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi sana na mafuta kidogo, nusu nyingine wakipewa ushauri wa kawaida, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kundi la kwanza halikupata kinga ya ziada dhidi ya ugonjwa kurudi wala dhidi ya kifo. Mboga hazikushindwa hapo, kwa kuwa wanawake wa kundi la pili nao walikuwa wakila mboga na matunda kwa kiasi cha kuridhisha. Kinachoonekana ni kwamba ulaji mzuri wa kadiri unatosha, na kwamba kuupeleka kwenye ukali hakununui usalama zaidi. Faraja kubwa zaidi inayotokana na matokeo hayo ni kwa yule ambaye saratani yake imerudi: hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba aliila mwenyewe kwa kijiko.

Baada ya misingi hiyo, sahani inapaswa kufuata kiungo. Saratani ya umio, yaani ya mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwapata watu wengi katika ukanda unaoteremka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na waliotibiwa ugonjwa huo wana mahitaji ya pekee. Aliyeondolewa umio huwa na mfuko wa tumbo uliovutwa hadi kifuani ili uchukue nafasi yake, hivyo hana tena ile hifadhi kubwa ya chakula wala mlango wa chini unaozuia tindikali isipande. Mtu huyo ale kidogo kidogo, aketi wima wakati wa kula na baada yake, amalize chakula cha usiku saa 2 au 3 kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe. Aliyewekewa mrija wa waya wa kupanua umio naye asimeze vipande vya nyama ngumu, mkate mkavu au vipande vikubwa vya ugali, kwa kuwa huweza kuuziba. Mapishi ya Afrika Mashariki yana utajiri mkubwa kwa watu hawa. Mtori wa Kilimanjaro, ambao ni ndizi zilizopondwa pamoja na nyama na mchuzi wake, hubeba wanga, protini na mafuta katika bakuli moja linalomezeka, na mlenda na bamia, vinavyotumika sana Tanzania ya kati na pwani, huteleza na kuupitisha ugali laini mahali ambapo mboga nyingine zingekwama. Nyama isagwe, samaki achambuliwe miiba kwa uangalifu, na maharage yapondwe na kuchujwa maganda.

Aliyeondolewa mfuko wa tumbo, wote au sehemu yake, hukutana na hali nyingine ambayo humtisha asiyeelezwa mapema. Chakula ambacho zamani kilihifadhiwa tumboni na kuachiliwa polepole sasa humwagika kwa haraka kwenye utumbo mwembamba, na hasa kikiwa kitamu na cha majimaji, huvuta maji kutoka kwenye damu kuingia utumboni, hivyo ndani ya nusu saa mtu huhisi moyo kwenda mbio, jasho, tumbo kusokota na kuharisha, na wengine saa 1 hadi 3 baadaye hutetemeka na kuishiwa nguvu kwa kuwa sukari ya damu ilipanda ghafla na kisha kushuka. Kinachosaidia ni kutenganisha vinywaji na chakula kwa nusu saa hivi, kupunguza uji mtamu, soda, juisi na asali, kuweka protini katika kila mlo, na kupumzika kidogo baada ya kula. Upungufu wa vitamini B12 ni jambo jingine lisilosubiri dalili, kwa sababu tumbo ndilo hutengeneza kiambata kinachowezesha vitamini hiyo kufyonzwa, na likiondolewa lote akiba iliyo kwenye ini huisha polepole kwa miaka kadhaa, kisha huja upungufu wa damu na ganzi ya miguu ambayo huenda isirudi nyuma. Ini la ng'ombe na samaki havitoshi kuziba pengo hilo. Mtu huyo anahitaji sindano za B12, au vidonge vya dozi kubwa chini ya uangalizi wa daktari, maisha yake yote.

Kundi linalosahauliwa zaidi, na pengine kubwa kuliko yote katika ukanda huu, ni la wanawake waliopigwa mionzi ya nyonga. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na wengi wao, wakiwemo wanaotibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hupewa mionzi inayopita karibu sana na utumbo na kibofu. Kuharisha kunakotokea wakati wa matibabu huisha kwa wengi ndani ya wiki chache, lakini kwa baadhi yao utumbo huendelea kuwa na kovu, na dalili za kuharisha, gesi, haja ya ghafla au damu huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye, wakati ambapo mwanamke haihusishi tena hali hiyo na mionzi. Ushauri wa kawaida wa afya humgeuka hapa. Dona, ambao ni unga wa mahindi yasiyokobolewa, husifiwa kwa haki kwa nyuzinyuzi zake, yaani sehemu za mmea zisizomeng'enywa, lakini utumbo uliowaka huumizwa nao, na mwanamke anayeharisha atapata nafuu zaidi kwa sembe, wali mweupe, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu, karoti zilizoiva na samaki wa kuchemsha, akiacha kwa muda pilipili, vyakula vyenye mafuta mengi, kahawa na maharage yenye maganda. Maziwa mabichi na yaliyochemshwa huweza kumzidishia hali kwa kuwa utando ulioumia hupungukiwa kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, ilhali mtindi, ambao sukari hiyo imekwisha kupunguzwa na bakteria, huvumilika zaidi. Chumvi za kurudisha maji mwilini, zinazotolewa kwa pakiti katika vituo vya afya, zitumike mapema. Hali ikitulia, nyuzinyuzi zirudishwe kidogo kidogo, kuanzia na zile laini za uji wa shayiri, papai na boga, maana kuziacha milele nako kuna hasara. Damu kwenye choo isitibiwe kwa chakula hata kidogo, kwani hiyo inahitaji daktari aitazame.

Mionzi ya kichwa na shingo hukausha tezi za mate, na mate yakikosekana, chakula kikavu hakimezeki na meno huoza upesi sana, hivyo michuzi iwe mingi, maji yawe karibu, pipi na vinywaji vitamu viepukwe, dawa ya meno yenye floridi itumike kila siku, na jino lolote lising'olewe kabla ya daktari wa meno kujua kwamba taya lilipigwa mionzi, kwani mfupa wake huweza kushindwa kupona.

Kwa waliotibiwa saratani ya matiti mambo hugeuka upande mwingine, kwa sababu wengi wao hunenepa badala ya kukonda, hasa pale matibabu yanapowaingiza katika ukomo wa hedhi kabla ya wakati. Mafuta ya mwili baada ya ukomo huo huwa ndiyo kiwanda kikuu cha estrojeni, homoni inayochochea aina nyingi za saratani hiyo, kwa hiyo kwao uangalizi wa uzito unaanza mapema, kwa kupunguza chapati, maandazi, vitumbua na vinywaji vitamu huku protini ikibaki pale pale. Wanaomeza dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, kama vile letrozoli na anastrozoli, hupoteza uimara wa mifupa, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa na mboga za majani huwapa kalsiamu, huku jua likiwapa vitamini D, isipokuwa kwa wanaojifunika mwili wote au kushinda ndani, ambao inafaa wapimwe. Hofu ya kwamba soya huirudisha saratani ya matiti haikuthibitishwa na tafiti zilizofanywa kwa binadamu, na kiasi cha kawaida cha soya kama chakula hakina ubaya, ingawa vidonge vyenye viini vyake vilivyokolezwa ni jambo tofauti na ni bora viachwe.

Waislamu waliopona hukabiliwa na swali la Ramadhani, ambalo katika pwani yote kuanzia Lamu hadi Kilwa si dogo. Mtu ambaye tiba imemfanya ahitaji milo 6 kwa siku, au anayeharisha na kupoteza maji, anaingia miongoni mwa wagonjwa ambao sheria ya dini yenyewe imewapa ruhusa ya kufungua, na yule ambaye hali yake ni ya kudumu, kama aliyeondolewa tumbo lote, hutoa fidia ya kumlisha maskini. Si udhaifu wa imani kuitumia ruhusa hiyo, na inafaa daktari na sheikh waulizwe wote wawili kabla ya mwezi kuandama. Aliye na nguvu za kufunga baada ya kushauriwa aepuke kuanza futari kwa tende nyingi, uji mtamu na tambi kwa pamoja, aanze na maji na chakula kidogo, aendelee kula kwa mafungu usiku kucha, na asiache daku.

Penye hofu hapakosi wauzaji. Vidonge vya vitamini vya dozi kubwa huuzwa kwa jina la kuongeza kinga, lakini utafiti mkubwa uliofanywa Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, kiini kinachoipa karoti rangi yake, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Karoti zenyewe hazijawahi kuonyesha madhara hayo, na ndiyo sababu mashirika ya utafiti wa saratani hushauri virutubisho vitokane na chakula, isipokuwa pale upungufu ulipopimwa. Majani ya mstafeli nayo husifiwa kuwa yanashinda tibakemikali, ilhali sifa hiyo imetokana na majaribio ya seli katika maabara, na huko Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, watafiti waliripoti mwaka 1999 uhusiano kati ya ulaji wa mara kwa mara wa matunda ya jamii hiyo pamoja na chai ya majani yake, na ugonjwa wa neva unaofanana na ule wa Parkinson. Stafeli la msimu halina hofu, lakini chai ya majani yake kila siku kwa miezi ni dawa isiyopimwa. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyosemwa kuponya magonjwa sugu, saratani ikiwemo, na baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za hospitali kwa sababu hiyo. Anayetaka kutumia mitishamba amweleze daktari wake, kwani hata tunda la kawaida kama balungi hubadilisha namna mwili unavyozivunja baadhi ya dawa.

Mwili ukisharudi, ndipo ulinzi wa muda mrefu unapochukua nafasi yake. Pombe iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitika tangu mwaka 1988, na kwa aliyetibiwa saratani ya kinywa, koo, umio, ini, matiti au utumbo mpana, hakuna kiwango cha mbege, bia, busaa au gongo ambacho kinaweza kuitwa salama. Kuhusu nyama, uamuzi wa shirika hilo wa mwaka 2015 uliziweka nyama za kusindika, kama soseji, bekoni na nyama za makopo, katika kundi hilo hilo, na nyama nyekundu katika kundi linalofuata la visababishi vinavyoshukiwa kwa nguvu. Kinachopendekezwa kwa nyama nyekundu ni kutozidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki, kiasi ambacho familia nyingi za kipato cha chini hazikifikii kamwe, hivyo kumnyima nyama mama mwenye upungufu wa damu anayeila mara moja kwa wiki ni kumdhulumu kwa jina la sayansi. Onyo hilo linawahusu zaidi wakazi wa mijini walaji wa nyama choma za kila wikendi, ambao pia hufaidika kwa kuondoa sehemu zilizoungua.

Chai ya moto inahitaji mazingatio makubwa zaidi kuliko inavyopewa. Mwaka 2016 vinywaji vya moto unaozidi nyuzi joto 65 viliwekwa na shirika hilo hilo la utafiti miongoni mwa visababishi vinavyoshukiwa vya saratani ya umio, na utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima wanywaji wa chai na kukuta kwamba walianza kunywa ikiwa na wastani wa nyuzi 70.6, huku wanywaji wa chai ya maziwa wakinywa ya moto zaidi, kwa kuwa maziwa huichelewesha kupoa. Tahadhari yake haigharimu senti: chai imiminwe katika kikombe kipana, isubiriwe dakika kadhaa, na anayeipika aache kumharakisha mnywaji.

Hatari nyingine haionekani kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi. Sumukuvu, inayojulikana pia kama aflatoksini, ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizoharibiwa na ukame au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, nayo husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 vifo 20 viliripotiwa Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi, kwa kuwa joto la sufuria halitoshi kuivunja, na kusaga huificha. Kinachosaidia ni kununua nafaka nzima na kuichambua kwa mkono kabla ya kusaga, kutupa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, kuanika mahindi juu ya turubai hadi yakauke vizuri, kuyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa iliyoinuliwa kutoka sakafuni, na kutolitegemea zao moja kila siku. Mahindi mabovu yasipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hiyo hupita kwenye maziwa na kurudi mezani. Siagi ya karanga iliyotajwa hapo juu iwe ya karanga zilizochambuliwa, na afadhali isagwe nyumbani.

Uzito ndio kipimo rahisi kuliko vyote cha kujua kama ulaji unatosha, na mizani ya duka la dawa hutosha kwa kazi hiyo ikitumiwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, kwa mavazi yanayofanana. Kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi bila kukusudia, ambako kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3, ni sababu ya kurudi hospitalini bila kusubiri tarehe ya kliniki, na hali kadhalika kumeza kwa shida kulikoanza upya, kutapika kusikokoma, macho kuwa ya njano au kuharisha kunakozidi wiki mbili. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuonana na afisa lishe wa hospitali, hata kama hakuna aliyemtaja kwenye cheti chake, na aende na karatasi yenye uzito wa kila wiki, alichokula kwa siku tatu bila kuficha kitu, pamoja na majina ya dawa na mitishamba yote anayotumia.